Siku Kumi za Helpis

Helpis, aliyekuwa akitufulia kanzu za kitani za hekalu la mungu wetu wa kike, Isis, hapa Ostia, bandari ya Roma, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizaliwa mtumwa, alipoachiwa huru akaolewa na Gavio, muuza dengu za kuchemsha kule bandarini. Mimi nilikaa ghorofa ya juu yao. Aliyemleta kwa Mama Isis ni shoga yake Numeria, mjane wa mlango wa pili.

Mwaka ule wanawake hao wawili walitakiwa kujitakasa siku kumi: hakuna nyama, hakuna divai, hakuna mwanamume. Helpis akahamia hekaluni. Numeria akasema anauguza mama yake, atajitakasa huko huko nyumbani.

Siku ya saba, adhuhuri, Helpis alirudi kwake mbio kuchukua kayamba lake la shaba la ibada. Akamkuta Numeria kitandani, nywele zimelowa, Gavio anamlisha dengu kwa mkono.

"Shoga, nilipita tu kumpikia," Numeria akasema.

"Kumpikia, na shuka langu umejifunga?"

Gavio hata hakuinuka. "Siku kumi si mchezo, Helpis. Nani alikutuma ukaolewe na mungu?"

"Alinituma huyo unayemlisha."

Alirudi hekaluni akamaliza siku zake akilia. Wenzetu walidhani anamlilia Mama Isis.

Siku ya kumi kuhani akauliza nani anamshuhudia Numeria kuwa ni safi. Kwa desturi yetu, ni mwenzako uliyeanza naye. Numeria akamshika Helpis mkono, akanong'ona, "Nisitiri, dada yangu."

Helpis akautoa mkono wake. "Siku ya saba alikuwa kitandani kwangu na mume wangu."

Kuhani akamgeukia Helpis, si Numeria. "Binti, maneno hayo ungeniambia pembeni. Leo ni siku ya furaha."

"Angemstahi mwenzake kidogo," mtu akasema. Mtu huyo ni mimi. Numeria akalia, akabembelezwa, akasamehewa. Helpis akatoka peke yake.

Alipanga chumba ng'ambo ya mto, akawa anafulia wapagazi. Gavio alimfuata mara mbili; hakumfungulia. Nami nikaenda na kapu la tini. Mimi alinifungulia, akalipokea.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza.

Ningeweza kusema uongo. "Nilikuwa nasikia vicheko vyao," nikasema. "Tangu mavuno ya zabibu, kabla hata ya zile siku kumi."

Akanirudishia kapu, tini zote zimo, akafunga mlango taratibu.