Darasa la Odeta Lisilo na Mlango

Nikikuambia kwamba mhandisi wa jiji alizunguka darasa jipya mara tatu akitafuta pa kuingilia, utasema mjomba kaanza. Bisha tu, nimezoea. Shule niliishia darasa la sita, lakini macho yangu yana digrii.

Odeta, mpwa wangu, anauza dagaa wa Nansio pale Mabatini. Mwaka ule binti yake Sharon alikuwa darasa la pili, akisoma zamu ya mchana kwa sababu watoto walizidi vyumba. Wenye nazo waliwahamishia watoto wao shule za kulipia, zile zenye mabasi ya njano. Odeta hakuwa nazo. Alikuwa na mdomo, wazazi wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya shule.

Jiji likaleta barua: pandisheni kuta za darasa jipya hadi usawa wa lenta, pale juu ya madirisha, sisi tutaezeka. Mwisho Ijumaa, la sivyo mabati yanakwenda kata nyingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na kuta zilikuwa magotini.

Wazazi wakanung'unika kwamba wametupiwa mzigo usio wao. Odeta hakubishana. Aliwagawa pande mbili, Bagika na Bagalu, kama vile vyama vya ngoma vya Usukumani vinavyonyang'anyana watazamaji. Kila upande ukapewa kuta mbili na manju wa kuuimbia. Weee! Waliokuja kutazama walijikuta wamebeba ndoo za mchanga. Venant, manju wa Bagika, Mhaya mstaafu ambaye hata Bagika ni nini hakujua, aliimba mpaka koo likakauka, akimkejeli Masalu wa upande wa pili kwamba ukuta wake umelewa.

Ijumaa asubuhi kuta zote zilikuwa zimefika lenta. Odeta alikuwa ndani anafagia aliposikia gari la mhandisi. Akageuka atoke. Hapakuwa na pa kutokea. Kila upande uliamini mlango ni wa wenzao, na tangu Jumatano watu walikuwa wakiruka dirishani kwa haraka ya mashindano, bila kujiuliza kwa nini.

Mhandisi, kijana aitwaye Deodatus, alipomaliza mzunguko wa tatu alikuta kichwa cha Odeta dirishani.

"Shikamoo, mama. Mlango uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Barua yenu ilisema kuta. Mlango haikuutaja."

Kijana alicheka mpaka akaegemea gari. Akapima, akakuta usawa umetimia, akaandika kwamba mabati yaje Jumatatu, ila mlango ukatwe kwanza. Hapo Venant na Masalu wakaanza kugombea heshima ya nani abomolewe ukuta.

Leo Sharon anasoma asubuhi, chini ya bati linalong'aa. Na mlango ule, niandike ukweli mtupu, niliukata mimi peke yangu, kwa nyundo moja, jicho moja nimelifumba, watu elfu mbili wakinishangilia, na mhandisi akinisihi nikafundishe chuo ki—

"Mjomba, futa hapo," anasema Odeta, kumbe yuko nyuma ya bega langu. "Siku ile uliletewa kiti na uji."