Mwalimu wa Kigeni na Kahawa ya Kutafuna

Nitayatenga mambo mawili. La kwanza nililiona, kwa kuwa lilitokea sebuleni mwangu, Muleba. La pili nililisikia tu: sauti ya mtu asiyejitaja, iliyopita kwenye simu za wazazi, ikidai kwamba walimu wa kujitolea wanaotoka Asia huwafundisha mabinti zetu ili wawasafirishe kusikojulikana.

Kwa sababu ya sauti hiyo, binti yangu alimkataza mwanawe wa kike, aliyekuwa kidato cha nne, kuhudhuria masomo ya ziada ya hisabati ya Jumamosi. Mwalimu wake alikuwa kijana Mkorea. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa hisabati shuleni, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia.

"Nani ameona msichana aliyesafirishwa?" nilimuuliza.

"Tata," aliniita baba kwa Kihaya, "watu wote wanasema."

"Sikuuliza wanaosema."

Nikamwalika mwalimu nyumbani. Alikuja na viatu vyake mkononi, amevivua ili tope la njiani lisiingie ndani. Binti yangu alimsogezea kikapu kidogo cha kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa pamoja na majani ya kunukia kisha ikaanikwa. Kijana alipokea punje kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akazitia mfukoni mwa shati.

"Umeona?" binti yangu alinigeukia, akisema Kihaya. "Anazidharau kahawa zetu. Au anakwenda kuzifanyia uchawi."

Nilimuuliza mgeni, kwa Kiingereza, kwa nini hakula. Masikio yakawa mekundu. Akasema kwamba kabla ya kusafiri alisoma mtandaoni kuwa huku wageni hulishwa sumu, na kwamba aliona aibu kukataa.

Nilitafsiri neno kwa neno. Binti yangu akaweka mkono kiunoni.

"Sumu? Mimi? Nimempikia hadi kuku!"

"Nawe umemwita mchuuzi wa watoto," nilisema. "Nyote wawili mmesomeshwa na simu. Lakini kosa la leo ni lako. Kwetu mwenye nyumba hutangulia kutafuna, mgeni aone kuwa kahawa ni salama. Wewe umempa bila kutangulia."

Hilo alilijua tangu utoto. Hasira ndiyo iliyomsahaulisha. Alichukua punje, akaivunja kwa meno mbele ya mgeni, akatafuna taratibu. Kijana akatoa zake mfukoni, akatafuna, uso ukamkunjamana.

"Chungu sana, mama," alisema kwa Kiswahili.

Binti yangu alicheka, kisha akakaza uso. "Haya, mwalimu, niambie wewe mwenyewe. Wasichana wetu unawapeleka wapi?"

"Kwenye mtihani, mama. Wakikubali."

"Na mlango wa darasa?"

"Uko wazi. Njoo ukae nyuma."

Jumamosi iliyofuata alikwenda, akakaa nyuma, na mwanawe akakaa mbele. Nami nilipita baadaye, kwa sababu sikutaka kuambiwa tu, nilitaka kuona mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba wazazi wengine nao walilegea baada ya hapo, na wapo wanaosema ile sauti bado inazunguka hadi Kemondo. Sikuthibitisha. Matokeo ya mtihani hayajatoka. Ninachoweza kukitolea ushahidi ni kwamba nilisimama dirishani, nikamwona mjukuu wangu ubaoni akikosea hesabu, akiifuta kwa kiganja, na kuianza upya, huku mama yake akinyoosha shingo kutoka dawati la mwisho ili aone.