Maji Kabla ya Waya

Dabasso Racho alipowaambia watu wa kijijini kwao Korbesa kwamba anakwenda Nairobi kusomea ujenzi, mama yake, Kabale, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kwa Waborana, nyumba ni kazi ya wanawake. Wao ndio hukata fito na kuzikunja, hufuma mikeka ya kuezekea, na siku ya kuhama hubomoa kila kitu na kukipakia juu ya ngamia.

"Ungebaki hapa," alimwambia, "ningekufundisha mimi, na isingechukua hata msimu mmoja wa mvua."

Akamwacha aende hata hivyo. Chuoni Dabasso alisomea digrii ya usimamizi wa ujenzi. Kuchora majengo ilikuwa kazi ya wengine. Yeye alifundishwa kupanga: kazi ipi itangulie, ipi ingoje, mafundi wawekwe wapi, saruji ifike lini ili isigandie kwenye mifuko. Wenzake waliliona somo hilo kavu. Yeye alilipenda, kwa sababu lilimkumbusha marehemu baba yake akisimama kisimani wakati wa kiangazi, akiamua ng'ombe wa nani wanywe kwanza na wa nani wasubiri, na watu wenye mikuki wakimsikiliza.

Alipofika mwaka wa pili vita vya Shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vilikuwa vimewaka. Malori yalilipuliwa kwa mabomu ya kutegwa barabarani, na askari wakajaa Isiolo. Kisha ikatoka amri kwamba wafugaji wote waingie katika vijiji vya kulindwa. Kabale alitolewa Korbesa pamoja na majirani zake, akapelekwa kambi moja upande wa Sericho. Ng'ombe waliokutwa nje ya mpaka wa vijiji hivyo walipigwa risasi. Waborana wenyewe waliuita wakati ule daaba, yaani kuzuiwa mtu asiende mbele wala nyuma.

Dabasso aliomba kibali cha kwenda kumwona mama yake, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Mwaka wa tatu, wanafunzi walipotakiwa kutumia likizo ndefu kufanya kazi kwenye majengo, alisikia kwamba mkandarasi mmoja wa Meru, Gikunda, amepewa kazi ya kukamilisha kambi ileile: uzio wa seng'enge, kibanda cha walinzi, vyoo, na tangi la maji la kuunganishwa na kisima kirefu kilichochimbwa zamani na kuachwa bila bomba. Akaenda kumwomba nafasi. Njia ya kumfikia mama yake ilikuwa kuingia pamoja na watu wanaomfungia. Alilijua hilo kabla hajapanda lori.

Walisafiri na msafara wa jeshi. Msimamizi wa mafundi, Mzee Rimberia, alikaa mbele na dereva na hakumsemesha njia nzima. Dabasso aliambiwa sababu na vibarua: mdogo wake Rimberia, dereva wa lori la miraa, aliuawa na Shifta kwenye barabara hiyohiyo mwaka uliotangulia.

Kambini alimkuta mama yake amekonda, shuka yake imechanika begani. Walisalimiana kwa salamu ndefu kama kawaida ya kwao, wakaulizana habari za mvua, za afya, za watu. Dabasso hakuuliza habari za mifugo. Kabale ndiye aliyeanza. "Hakuna hata mbuzi," alisema, kisha akaitazama kofia ya ujenzi ya mwanawe. "Na wewe umekuja kutufanyia nini?"

Akamweleza. Kabale alisikiliza hadi mwisho.

Kukosa maji ndiko kulikokuwa kunawaua. Wanawake waliruhusiwa kutoka asubuhi tu, wakisindikizwa na askari, kwenda kuchimba kwenye mchanga wa laga, mto mkavu uliokuwa mbali, na maji yenyewe yalikuwa yameanza kuwa ya matope. Wiki ileile Umulkheir, jirani wa Kabale, aliyekuwa mjamzito, alianguka njiani na mtungi mgongoni. Mimba iliharibika. Dabasso alimwona akiwa amelala kivulini mwa kibanda chake, macho wazi.

Maagizo aliyopewa Gikunda yalisema uzio kwanza. Tangi lingekuja mwisho, baada ya kibanda na vyoo. Kazi ya Dabasso ilikuwa kuchora mpangilio wa kazi kufuata maagizo hayo. Alikaa na karatasi yake chini ya turubai, akaifikiria kama alivyofundishwa. Nguzo za uzio zilitakiwa kusimikwa kwa zege. Zege linataka maji. Maji ya ujenzi yalikuwa yakiletwa kwa mapipa kutoka Isiolo, kila safari ikingoja msafara, na askari nao walikuwa wakiyanywa. Tangi na bomba vikitangulia, kazi nyingine zote zingekwenda mbio. Hoja ilikuwa safi kabisa. Mwalimu yeyote angeipa alama. Akachora upya, tangi likawa la kwanza, akampelekea Rimberia kabla ya kumpelekea Gikunda.

Rimberia aliitazama karatasi. "Kijana," akasema, "hebu niambie ukweli. Unataka maji ya simiti ama maji ya mama yako?"

Dabasso alikuwa ameandaa majibu mengi, lakini swali hilo hakulitarajia. "Yote mawili, Mzee."

"Ungesema ya simiti peke yake, ningeirarua hii karatasi."

"Najua yaliyompata ndugu yako. Pole."

"Usinipe pole." Rimberia alivua kofia, akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Nilipokuja huku nilitaka niuone huu waya umesimama. Nilitaka kuufunga kwa mkono wangu. Halafu naona huyo mama aliyeanguka. Huyo alimuua ndugu yangu?"

Rimberia aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Gikunda alipokuja na msafara uliofuata, Rimberia ndiye aliyesema. Alisema ya mapipa, ya nguzo, ya saruji inayoganda. Hakutaja mwanamke yeyote. Gikunda akaguna, akamuuliza afisa wa kambi, na afisa, aliyekuwa amechoshwa na askari wake waliolalamikia kiu, akakubali.

Walijenga tangi kwa mawe na kulipiga lipu ndani. Siku maji yalipofunguliwa hakukuwa na vigelegele. Wanawake walipanga mstari, wakajaza, wakaondoka haraka kana kwamba mtu angebadili nia. Umulkheir aliletwa akiwa ameshikwa mikono. Alinawa uso, akanawa tena na tena, ndipo akanywa.

Kisha uzio ukapanda. Kwa kuwa maji yalikuwa hapo hapo, nguzo zilisimama upesi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Gikunda alifurahi, akampiga Dabasso begani mbele ya watu: kazi imekwisha mapema kwa sababu ya huyu msomi. Kabale alikuwa karibu, akasikia.

Jioni Dabasso alikwenda kumuaga. Alitaka aambiwe kwamba amefanya vyema. Kabale alimpa chai bila maziwa, jambo ambalo hakuwa amepata kulifanya maishani mwake.

"Maji nimekunywa, mwanangu," alisema. "Ni matamu. Na waya pia nimeuona. Sitakudanganya kwamba nimeona kimoja tu."

"Ungekuwa mimi ungefanyaje, Mama?"

"Ningefanya hivyo hivyo. Na ningelala vibaya."

Chuoni aliandika taarifa ya kazi yake, na walimu waliomhoji walimsifu kwa kupunguza muda wa ujenzi. Mmoja aliuliza wakazi wa pale waliupokeaje mradi. Dabasso alianza kueleza, akaona wanatazama saa, akafupisha. Alipata digrii nzuri. Kabale hakuwepo siku ya mahafali. Kambi ilikuwa bado haijafunguliwa.

Vita vilipokwisha alipewa kazi katika kampuni moja ya Nairobi, yenye ofisi ya ghorofani. Aliifanya muda mfupi, akarudi Isiolo, na watu wakasema amepumbazwa na jua. Alianza na zahanati ndogo huko Burat, Rimberia akiwa msimamizi wake wa mafundi. Kabla ya kuchimba msingi, wawili hao walizunguka nyumba kwa nyumba, kwa Wameru wenye mashamba na kwa Waborana waliobaki bila mifugo, wakiuliza watu wanataka mlango uelekee wapi. Kazi ilichelewa kuanza. Dabasso alisema ichelewe tu.