Miisho ya Wimbo wa Langoni

Mwalimu wetu alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa katikati ya mji, na kila Julai alikuwa anafufua maiti. Hivyo ndivyo dada yangu alivyosema. Maiti zenyewe zilikuwa opera, ile michezo ya Ulaya inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, na Mwalimu hakutaka zinazojulikana. Alitaka zilizosahauliwa, zilizoimbwa mara moja zikafungiwa kabatini hadi aliyezitunga akaoza. Maonyesho hayo aliyaita tamasha la kiangazi, kwa kuwa huko Ulaya hufanywa kiangazi. Kiangazi gani, Nairobi, mwezi wa Julai, na baridi ya kukata masikio? Lakini mtu akikupa chai ya maziwa na sambusa baada ya mazoezi, humfundishi hali ya hewa.

Sisi tulikuwa kwaya. Wengi tulitoka magharibi mwa Kenya, watoto wa kwaya za kanisa, tuliofundishwa kwa do-re-mi. Mwalimu alituandikia Kiitaliano ubaoni, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya Adams Arcade, nasi tukakariri kama zaburi bila kujua tunamtukana nani.

Mwenye sauti alikuwa dada yangu mkubwa. Yangu ilikuwa ya kujaza safu. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, Mwalimu alimpa wimbo wa langoni: mwanamke amefukuzwa na mumewe, anasimama nje ya lango akiomba aingie amwone mtoto wake. Anaimba peke yake, na kinanda karibu hakisikiki. Sentensi zake ni ndefu kupita kiasi.

Na dada alikuwa anakohoa. Ilikuwa miaka ile ambayo watu waliugua "kifua" na hakuna aliyeuliza kifua gani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kupanga chumba Dagoretti Corner, ambapo mwenye nyumba angesikia tu angetutupia vyombo nje. Pale alipokuwa akishona sare za shule walishamwambia akapumzike nyumbani. Kanisani pia walimpumzisha, eti wanamwonea huruma.

"Mwambie Mwalimu ampe mtu mwingine," nikamwambia.

"Ampe nani, wewe?" Akacheka, kikohozi kikamshika. Pumzi iliporudi akasema, "Kila mahali naambiwa nipumzike. Nikipumzika na hapa pia, nitabaki na nini? Mimi nataka niuimbe hadi mwisho, nimesimama, watu wakiniona. Basi. Baada ya hapo mnilaze mnavyotaka."

Nilisugua sufuria kwa hasira hadi mkono ukauma.

Siku zilivyosonga, pumzi yake ilifika nusu ya sentensi, kisha chini ya nusu. Kwaya za kwetu zina desturi moja: sauti haiangushwi. Baba alitufundisha tungali wadogo kwamba ukiona mabega ya jirani yako yameinuka, yeye anavuta pumzi, basi wewe shikilia. Yako ikiisha, yeye atakubeba. Katika onyesho mimi nilikuwa mmoja wa wanawake wanaosimama nyuma yake langoni, kimya. Nikamwambia nitaangalia mabega yake.

"Usinibebe," akasema. "Hiyo ni opera, si matanga."

"Haya, shauri yako," nikasema, huku roho inanitoka kwa hofu.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, Lavington, chini ya hema katika bustani ya tajiri mmoja. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Wageni walijifunika mablanketi na kumimina chai kutoka kwa chupa zao. Dada alisimama mbele yetu na gauni lililokuwa limebanwa kwa pini mgongoni, na akaanza.

Sentensi ya kwanza alifika. Ya pili alifika kwa shida. Ya tatu, mabega yakainuka mapema mno, nami sikufikiria, nikaishika sauti pale alipoiacha nikaipeleka hadi mwisho. Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye kinanda, akayarudisha chini. Sentensi ya nne dada akaianza, nikaimaliza. Tukaenda hivyo. Mara moja tu alirudi hatua nyuma, akaniegemea, na nikahisi mbavu zake zote kifuani mwangu. Nilikuwa nalia na kuimba, na sijui Kiitaliano. Sauti ya mwisho tuliitoa pamoja, naye alikuwa amesimama.

Watu walipiga makofi sana. Mama mmoja Mzungu alimwambia Mwalimu kwamba mtunzi alikuwa na akili ajabu, kumpa mwanamke mmoja sauti mbili. Nani angembishia? Hakuna aliye hai aliyewahi kuusikia wimbo ule.

"Ndiyo, mama," Mwalimu akajibu, bila hata kupepesa jicho.

Dada hakunisemesha njia nzima. Tulipofika nyumbani alijilaza na viatu miguuni. "Sentensi ya sita ulichelewa," akasema. Halafu akanishika mkono, akalala.

Tulimzika kabla ya Krismasi.

Julai iliyofuata Mwalimu aliniita ukumbini. Wageni walikuwa wameiomba opera ileile, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea. "Wewe unaujua wimbo," akaniambia kwa upole. Nami niliamini naujua. Nilikuwa nimeuimba kichwani mwaka mzima, jikoni, ofisini, kwenye mvua.

Akapiga utangulizi. Nikafungua mdomo, na hapakuwa na kitu. Mwanzo wa kila sentensi ulikuwa wake. Mimi nilijua miisho tu.

"Pole pole," Mwalimu akasema, akaupiga utangulizi tena. Nikasimama nikitazama mbele yangu, nikingoja mabega yainuke.