Siku Kwaya Yetu Ilipofumba Macho

Katika kwaya yetu ya Mshangano, jambo lolote lilihesabika limeamuliwa pale mwenyekiti alipouliza, "Tuko pamoja?" nasi tukaitikia, "Pamoja!" kisha tukapiga makofi matatu. Baada ya hapo hakuna aliyelifukua. Ukilifukua huna umoja, na mtu asiye na umoja kwenye kwaya ni kama mtu anayekohoa wakati wa sala: hafukuzwi, ila wote wanageuka kumtazama.

Kwa makofi hayo tulinunua sare za mahameli. Wa kwanza alisema kitambaa kinang'aa, wa pili akasema kweli kinang'aa, na zamu ilipowafikia wa nyuma ilikuwa kama dhambi kutaja jua la Oktoba. Tuliimba Oktoba nzima tukitiririka jasho, kila mmoja akimlaumu moyoni yule wa kwanza. Naye siku moja aliniambia, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo, kwamba alisema tu kinang'aa. Hakusema tununue.

Mimi ndiye mpiga kinanda. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikirudia kipande kilekile mpaka bando linakwisha, halafu nikiendelea kukirudia kichwani. Nikikosea noti moja ibadani, Jumapili yangu yote imeharibika. Nyumbani Ruhuwiko mama hunikuta chai imepoa, vidole vinacheza juu ya meza.

"Mwanangu, hata Mungu alipumzika," ananiambia.

"Alipumzika baada ya kuona kuwa ni vyema," namjibu. "Mimi bado sijaona."

Nasema haya ili ieleweke kwa nini, mwenyekiti alipoleta habari ya flashi, mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Tulikuwa tunajiandaa kwa tamasha la kwaya mjini, wageni wakitoka Mbinga, Namtumbo mpaka Tunduru. Mwenyekiti wetu, ambaye pia ndiye anayetuongoza kwa mikono tunapoimba, alisimama baada ya mazoezi akasema, "Jamani, mwaka jana wenzetu walikuja na flashi. Wimbo umerekodiwa humo, unawekwa kwenye spika, wao kazi yao kufungua midomo na kucheza. Sauti safi kama redio. Sisi tukaja na koo zetu, matokeo mliyaona."

"Tuliyaona," akajibu dada mmoja wa alto.

"Na sisi tuna wimbo wetu tuliorekodi studio. Si tuweke huo?"

"Tutaonekana wa kisasa," akasema mtu wa nyuma.

"Na hakuna kukosea."

Neno hilo la mwisho lilinishuka kifuani kama maji ya baridi. Kinanda kingekuwa pale jukwaani hakijawashwa, mimi nikitembeza vidole juu yake, na noti zote zikitoka sawasawa. Ningelala usingizi wiki nzima kabla ya tamasha.

Lakini sauti inayoongoza kwenye ule wimbo wa studio ni ya dada aliyekwishahamia Dodoma na mumewe. Aliyechukua nafasi yake ya muimbishaji ni dada anayekaanga mihogo karibu na stendi. Alikuwa ametuimbisha miezi michache tu, tena kanisani kwetu; jukwaa kubwa alikuwa hajawahi kulikanyaga. Na alikuwa amekwisha kumwalika mama yake kutoka Mbesa. Mama huyo hakuwa amemsikia binti yake akiimba tangu alipoondoka nyumbani kuja kuolewa Songea. "Mama yangu anakuja kunisikia," alitutangazia wiki iliyotangulia, mikono kiunoni, "kwa hiyo sauti ya nne msije mkanimezea maneno!"

Mwenyekiti alipouliza kama tuko pamoja, nilimwona dada huyo akiinamisha macho. Kisha naye akapiga makofi.

Tukaanza kufanya mazoezi ya kutoimba. Sijui niite nini kingine. Wimbo unatoka kwenye spika, sisi tunafungua midomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuimba, kwa sababu kila mtu ana pumzi yake, na dada wa Dodoma alikuwa na pumzi ndefu.

"Fungua, dada, fungua!" mwenyekiti alimwambia muimbishaji. "Mwenzako bado anavuta hapo, wewe umeshafunga kama duka la Jumapili!"

Tukacheka. Yeye pia alicheka. "Mapafu yake makubwa, mimi nitayatoa wapi?" Zoezi lililofuata hakucheka. Lililofuata hilo alichelewa kuja, akasimama pembeni akifungua mdomo kidogo tu, kama mtu anayetafuna.

Jioni moja alinisaidia kubeba kinanda mpaka stoo. Tulipokiweka chini akaniuliza, "Hivi mdogo wangu, mama nimwambieje? Nimwambie asije?"

"Kwani dada, wewe unataka tuimbe laivu?"

"Mimi nani? Wote wamekubali. Hata wewe, ulivyokuwa unapiga yale makofi, nikasema huyu mtoto leo kapata mchumba."

Nilicheka, halafu nikaona aibu mpaka masikioni. Njia nzima ya kurudi Ruhuwiko nilimfikiria mama mzima anapanda basi kutoka Mbesa kuja kumtazama mwanawe akifungua mdomo kwa sauti ya mwanamke mwingine. Mama yule angejua. Mama gani asingejua?

Kesho yake nilipita kwa mzee wetu wa besi, ambaye ni fundi baiskeli.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti wa kinanda."

Nikamuuliza flashi anaionaje. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama vile mwenyekiti angeweza kuwa amejificha nyuma ya matairi. "Mimi naimba besi tangu wewe hujazaliwa," akasema kwa sauti ya chini. "Leo nimefanywa samaki, nafungua mdomo bila neno. Lakini kwaya imeshakubali. Nikatae, mimi nani?"

Niliwauliza na dada wawili wa alto. Hawakutaka, mmoja wao alisema anaona haya hata kuwaambia watoto wake. Na wote wawili walimalizia kwa maneno yaleyale: mimi nani? Nikajiona niko katika kwaya nzima ya mimi nani, kila mmoja amenyamaza ili asiwaudhi wengine, na hao wengine wamenyamaza ili wasimuudhi yeye.

Kujua ni jambo moja. Kusema, kwa mtu wa aina yangu, ni ugonjwa. Nilipanga maneno siku mbili. Niliyasema mbele ya kioo, nikayabadilisha, nikaona sentensi ya pili ina kiburi, nikaiondoa, nikaona bila hiyo hakuna maana. Siku ya mazoezi nilipofika kanisani na kunyoosha mkono, maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamekimbia.

"Mpiga kinanda," akasema mwenyekiti. "Kinanda kina tatizo?"

"Hapana, baba. Tatizo ninalo mimi. Ile habari ya flashi, mimi siitaki."

Kisha wakaanza.

"Tulishapiga makofi, dada!"

"Anaogopa watu watajua hapigi!"

"Wasomi wa YouTube hao, hawana dogo."

Wakacheka. Mwenyekiti akainua mkono watulie. "Haya, tutende haki. Nani mwingine haitaki? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mzee wa besi alikuwa anachunguza viatu vyake. Muimbishaji alikuwa anafunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimefunguka. Sikuwakasirikia, maana niliona walichokuwa wanakifanya: kila mmoja alikuwa anapima macho ya jirani yake kabla ya kuinua mkono, na jirani anapima ya kwake. Macho ndiyo yalikuwa yanatushika. Hapo ndipo wazo likanijia, bila kupangwa.

"Baba, naomba kitu kimoja. Wote tufumbe macho. Mimi nitatoa noti. Anayetaka tuimbe kwa sauti zetu, aifuate kwa mmm, mdomo umefungwa. Anayetaka flashi anyamaze."

"Michezo ya watoto," mtu akanong'ona.

"Fumbeni, tumalize," akasema mwenyekiti.

Nikabonyeza noti moja, nikaishikilia. Kwa muda hapakuwa na kitu zaidi ya kinanda na bati linalolia kwa joto. Nikadhani nimekwisha. Kisha kutoka upande wa kulia, chini kabisa, ikatoka besi moja nzito ambayo mtu yeyote wa Mshangano angeijua. Ikafuata nyingine juu yake. Alto zikaingia, kwanza kwa woga, halafu kama maji yaliyopata mfereji. Na juu yao wote ikapanda sauti ya muimbishaji, mdomo umefungwa, haifichiki. Kanisa lote likawa linanguruma.

Nilikuwa nimewaambia wote wafumbe, lakini mimi nilifumbua. Mwenyekiti wetu alikuwa amesimama pale mbele, macho ameyafumba kabisa, mkono mmoja umeinuka unatuongoza bila yeye mwenyewe kujua. Alikuwa anaimba mmm.

Nilipoachia noti watu walifumbua macho, wakatazamana.

"Kumbe!" akasema mwenyekiti. "Mimi nilidhani nyie vijana ndio mnataka hayo mambo ya flashi. Nikasema nisije nikaitwa mzee wa zamani."

"Na sisi tulidhani ni wewe!" mzee wa besi akamrudishia.

"Na mahameli je?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Tufumbe tena?"

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia jioni ile, na sioni haya kusema. Nilijivunia kwaya yangu kuliko nilivyojivunia nafsi yangu, kwa sababu walikuwa na haki ya kununa nao wakachagua kucheka, na mwenyekiti wetu, ambaye angeweza kusema makofi ni makofi, akageuka akasema, "Haya, tuanze ubeti wa kwanza, na leo nataka kusikia sauti, si kuona meno."

Siku ya tamasha kwaya moja ilikuja na flashi, ikatoka safi kama redio, ikashangiliwa sana. Sisi tuliimba kwa koo zetu. Sauti ya tatu waliingia mapema. Mimi nilikosea noti kwenye ubeti wa mwisho, noti ambayo nimeipiga vizuri mara zisizohesabika, na uso ukaniwaka moto. Lakini muimbishaji wetu alisimama mbele katika mahameli yale, akavuta pumzi pale anapovuta yeye, akaujaza ukumbi. Hatukuwa miongoni mwa washindi.

Mchana, wakati wa chakula, nilimkuta ameketi na mama yake, mama mwembamba aliyemshika binti yake mkono kama mtu anayevuka naye barabara. Walikuwa wanaongea Kiyao. Niliamkia, nikamuuliza dada, "Mama anasemaje?"

"Anauliza kwa nini nimekonda."

Mama akaongeza jambo lingine, refu.

"Anasema ubeti wa pili hakuusikia vizuri, mtoto alikuwa analia pembeni yake. Anataka niurudie."

"Hapa?"

"Hapahapa."

Dada akameza wali, akafuta mdomo kwa pembe ya kitenge, akaanza. Mzee wa besi alikuwa kwenye foleni ya maharage. Akaitikia kutoka hukohuko, sahani mkononi. Watu wa kwaya nyingine wakageuka kututazama. Mimi sikuwa na kinanda, kwa hiyo nikaingia na alto ambayo siijui vizuri, nikaiimba kwa sauti ya juu. Mama akanitazama, akamuuliza binti yake kitu.

Dada akaukatisha wimbo ili amjibu, na safari hii alijibu kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Huyu ndiye mpiga kinanda wetu, mama. Ndiye yule aliyekataa flashi."