Filamu ya Mlango

Rehani hakumwamini mtu yeyote anayecheka sana mwanzoni mwa filamu. "Huyo ndiye muuaji," alikuwa akiwaambia wateja wake pale Manundu, mjini Korogwe, na kwa kuwa mara nyingi ilikuwa kweli, watu walimwogopa kidogo, hata wale waliokuja kuwekewa nyimbo tu kwenye simu. Kibanda chake kilikuwa na kompyuta, feni inayolalamika, na ukuta mzima wa makasha ya CD ambazo siku hizi hakuna anayeziulizia. Watu huja na flashi. Lakini huwekewi filamu yoyote kwa Rehani kabla hujasikiliza hukumu.

"Hii ya Kinaijeria achana nayo, wanagombana kwenye ngazi mpaka unachoka wewe. Hii ya Kikorea chukua, ila ukiona mvua inanyesha, kaa na kitambaa. Hizi zetu mpya? Simu zinaita mno. Mtu hawezi hata kulia akamaliza." Za Kichina za zamani aliziheshimu, maana enzi zile, alisema, mtu alikuwa akipigana mwenyewe. Redio moja ya mjini ilimpa robo saa kila Jumamosi mchana aseme hayohayo, na kuna watu wa Kerenge waliokuwa wakiacha majembe kumsikiliza.

Shida ni kwamba shaka haikubaki kibandani. Jirani akileta maembe, Rehani anataka kujua kuna nini. Mkewe Mwaija akichelewa sokoni, anaulizwa maswali ya kituo cha polisi. "Baba Zaina," Mwaija alikuwa akimjibu, "mimi siyo filamu. Kula."

Filamu moja tu hakuwahi kuitilia shaka. Ilikuwa ya Kihindi, ya zamani, na Korogwe nzima waliiita Filamu ya Mlango. Ndugu wawili wanafarakana kwa sababu mkubwa kauza shamba la familia kisirisiri. Miaka inapita. Mwishoni mkubwa anafika mlangoni kwa mdogo wake, kalowa chapachapa, anasema neno moja tu: "Nimekuja." Mdogo anamtazama. Kisha anasema: "Umechelewa, kaka, lakini chakula kipo. Ngoja nifunge mlango, mbu wasiingie, twende kwa mama." Anatoka, anaufunga mlango nyuma yake, na wote wawili wanatembea kwenye mvua. Basi, imekwisha. Rehani alishaitazama mara nyingi kuliko alivyotaka watu wajue.

Maneno hayo ya Kiswahili yalikuwa ya Simeo wa Mazinde. Siku zile za CD, Simeo ndiye aliyekuwa akizitafsiri filamu, anaweka sauti yake juu ya sauti zao: peke yake ni mzee, ni msichana, ni jambazi, na akiona mbwa kanyamaza mno anabweka pia. Rehani hajui Kihindi wala Kiingereza. Alichosema Simeo ndicho kilichosemwa.

Na ile filamu alikuwa na sababu ya kuipenda. Kaka yake Hiza, anayekaa Handeni, naye aliuza kipande cha shamba la baba yao kule Kerenge bila kumwambia mtu. Rehani alikula kiapo kwamba jina la Hiza lisitajwe ndani ya nyumba yake ya Kwamndolwa. Mama yao, Bi Maryamu, aliyekuwa akiishi naye, akitaka kumtaja alisema "yule wa Handeni", na hata hapo Rehani aliinuka akatoka. Hali ikawa hiyo mpaka filamu ile ilipomfikia. Muda si mrefu Hiza akagonga mlango jioni, akaomba radhi, na Rehani akajisikia akisema, "Umechelewa, kaka, lakini chakula kipo." Mama alikuwa kalala nyuma ya pazia. Mwaka uliofuata alifariki, wanawe wote wawili wakiwa wameshika jeneza.

Tangu hapo ndugu hao walibaki na ugomvi mmoja tu, tena wa kuchekesha. Hiza alishikilia kwamba kwenye Filamu ya Mlango yule mkubwa aliomba radhi kirefu, na mdogo hakujibu kitu. Rehani alikuwa akimzodoa mbele za watu. "Kaka, wewe unatazama filamu kama mtu anayesubiri basi."

Sasa Zaina, binti yao wa kwanza, alikuwa amechumbiwa. Washenga walikuwa waje Jumapili, na wa kuwapokea kwenye mkeka alikuwa baba yake mkubwa, Hiza. Jumatano ya wiki hiyo Rehani alitaka kuizungumzia Filamu ya Mlango redioni, lakini CD yake ilikuwa imechubuka. Mteja mmoja aliyetoka Dar akamwachia nakala safi, yenye sauti ya Kihindi na maandishi ya Kiswahili chini.

Rehani aliitazama mchana, wateja wakisubiri. Filamu ilipofika pale mlangoni alitabasamu mapema, kama kawaida yake. Maandishi yakapita. *Nipe sehemu iliyobaki,* mkubwa alisema. Mdogo akajibu: *Kuanzia leo sina kaka. Nakusindikiza mpaka mtoni. Ukirudi, nitakuua.* Akafunga mlango nyuma yake, watoto wasisikie. Wakatembea kwenye mvua.

Akarudisha nyuma, akatazama tena. Picha zilikuwa zilezile, mvua ileile. Hakukuwa na chakula wala mbu, na hakuna mama aliyetajwa.

Aliwafukuza wateja akafunga kibanda. Usiku huo hakula, na kesho yake alikuwa amekwisha kuunganisha mambo, maana kuunganisha mambo ndiyo kazi yake. Simeo na Hiza walisoma darasa moja. Filamu ile Simeo hakuwahi kumpa muuzaji mwingine yeyote. Rehani alikuwa akijivunia kwamba nakala zote za Korogwe zimetoka kwake. Kwanza ilikuja filamu, halafu akaja Hiza. Nani aliuza shamba? Nani alitaka kusamehewa? Yeye Rehani, mtu anayewajua wauaji kabla hawajaua, alikuwa amepigwa changa la macho ndani ya filamu.

"Nimeingizwa mjini," alimwambia mkewe. "Na kaka yangu mwenyewe."

"Huyu uliyekula naye miaka yote hii?" Mwaija aliuliza. "Aliyemzika mama na wewe?"

"Hatakalia ule mkeka. Nitamwambia Awadhi apokee posa."

Awadhi alikuwa jirani, mtu mwema, lakini jirani. Mwaija aliacha kuosha vyombo. "Ukimpa jirani mkeka wa kaka yako, Baba Zaina, Hiza hatakanyaga tena hapa mpaka unakufa. Kaulize kwanza."

Ijumaa alipanda basi la Mombo, akaunganisha gari jingine mpaka Mazinde. Simeo alikuwa pembeni ya shamba lake la vitunguu, mkonge wa watu wengine ukiwa nyuma yake mpaka milimani. Koo lake lilikuwa limeharibika. Sauti iliyokuwa ikijaza mabanda ya video sasa ilitoka kama ya mtu anayenong'ona msibani, na Rehani, aliyekuja na hasira zake, alilazimika kusogea karibu.

"Shikamoo, kaka Simeo."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja na uso wa mkaguzi."

"Nimeiona Filamu ya Mlango yenye maandishi. Hiza alikupa nini?"

Simeo alimtazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Hiza? Hiza alikuwa mgonjwa wa kutibiwa kama wewe. Alikuja mama yako."

Rehani alisema ni uongo. Bi Maryamu alikuwa akiziita filamu masanamu, na akiingia sebuleni zikiwaka anafunika macho kwa ncha ya khanga.

"Alikuja na jogoo," Simeo alisema. "Akakaa kwenye kigoda pembeni ya mashine yangu. Akaniambia, mwanangu Rehani hanisikilizi mimi niliyemzaa, anasikiliza hilo sanduku lako. Basi liseme ninayotaka mimi. Nikamwambia ninayo moja ya ndugu wawili, bado sijaitoa, ila inaisha vibaya. Akasema, ni wewe unayeongea humo au ni wao?"

Kwa Rehani lilikuwa neno la mama yake kabisa. Hata akitaka kulishuku hakuweza.

"Maneno ya chakula na mbu ni yake," Simeo aliendelea. "Mimi nilitaka kuweka kitu kikubwa kidogo, akakataa. Akasema Rehani akiona kitu kikubwa atashtuka. Nikamaliza, nikamsikilizisha, nikadhani anaondoka. Akasema, bado. Huyu nimemwambia asamehe, na yule nani atamwambia aombe? Nikatengeneza ya pili, nikampelekea Hiza Handeni. Kwenye nakala yako, mkubwa hana la kusema zaidi ya 'nimekuja'. Kwenye ile ya Hiza, mdogo ndiye nimemnyamazisha, mkubwa anaongea."

"Anasemaje?"

Simeo alisafisha koo. Akaangalia chini, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuingia kwenye mtu, na ile sauti iliyokufa ikajitahidi: "Mdogo wangu, shamba sikuliuza kwa njaa. Niliuza kwa tamaa. Sikuja kudai kitu. Nimekuja unitazame, na ukitaka unifukuze."

Rehani alikaa chini kwenye tuta. Maneno hayo alikuwa ameyasikia, neno kwa neno, mlangoni kwake Kwamndolwa, na siku ile alidhani Hiza ameyatoa moyoni. Yeye naye alijibu kwa ya kwake. Ndugu wawili walisimama kizingitini wakasomeana maneno ya mama yao, na mwenyewe yuko nyuma ya pazia, anasikiliza kama yatatoka sawasawa. Rehani alilia, na hakujali kwamba Simeo anamwona.

"Hiza anajua?" aliuliza baadaye.

"Sijamwambia. Na wewe nisingekwambia, ila umekuja na ule uso."

Jumamosi redioni alikuwa mfupi. Alisema Filamu ya Mlango ni filamu bora kuliko zote alizowahi kuziona, watu waitafute yenye sauti ya Simeo. Ile yenye maandishi, alisema, waachane nayo, imeharibiwa mwisho.

Jumapili Hiza alifika mapema kutoka Handeni, kanzu imenyooka, akakaa kwenye mkeka. Aliwapokea washenga vizuri, akawasumbua kidogo kama inavyotakiwa, akawaachia. Walipoondoka pilau ikaletwa, na Hiza, akiwa ameshiba na amefurahi, akaanza uchokozi wake wa kila mwaka.

"Nimekusikia redioni. Umeisifia filamu usiyoielewa. Yule mkubwa aliomba radhi, Rehani. Aliomba kirefu."

Watu wa nyumbani wakatulia kusubiri kumsikia akizodolewa. Mwaija alimwangalia mumewe. Rehani alimega nyama, akaiweka upande wa kaka yake kwenye sinia.

"Uko sahihi, kaka," alisema. "Aliomba. Mimi ndiye sikuwa nasikiliza."

Hiza aliacha kutafuna. Macho yake yakaenda kwenye lile pazia la chumba alichokuwa akilala mama yao, yakarudi.

"Na mdogo," Hiza alisema polepole, "naye alisema chakula kipo."

Maneno hayo hayakuwa kwenye nakala ya Handeni. Rehani alishtuka: huyu anajua kazi ya mama yao, na huenda amejua siku nyingi. Swali lilimjia mpaka kwenye ulimi. Akamsogezea kaka yake sinia, akamwambia ale, pilau isipoe.