Kete mbili njee, nyumba mbili zimefungwa

Wandugu, leo tawula ya kwetu, ule muchezo wa kete na dadu, imetutia baridi.

Baba na baba mudogo Musafiri walikuwa wanacheza barazani, hapa Kasongo. Walipatana hivi: baba akishinda, Musafiri hatapanda kamiyo ya kwenda kuchimba dhahabu ya Wazungu.

Adhana ya alasiri ikalia. Wakaacha muchezo, wakaenda musikitini. Mimi nikabaki nachambua maharagi palepale. Hakupita mutu.

Waliporudi, baba akaniita.

"Ni weye uligusa kete?"

"Hapana, baba!"

Kete hazikuwa tena vile walivyoziacha: kila mumoja alikuwa na kete moja imeuawa, iko njee ya ubao. Inapaswa kuingilia kwenye nyumba ya mwenzake. Lakini nyumba zote mbili zilikuwa zimefungwa, nafasi zote sita zimezibwa na kete za mwenyewe.

Musafiri akacheka. Kisha akafuata kete kwa kidole.

"Kaka, kete ikiwa njee, huwezi kusogeza ingine mpaka iingie."

"Ndiyo."

"Basi mwenye kufungiwa kwanza hasogezi kitu, hawezi tena kuua kete ya mwenzake. Kwa kucheza tu, hakuna mutu anaweza kufika hapa."

Kamiyo ikapiga honi barabarani. Hakuna aliyesimama.

"Mimi niko njee, na weye uko njee," Musafiri akasema polepole. "Sasa ndani iko nani?"

Kamiyo ikaenda zake.

Furushi la Musafiri liko bado mulangoni. Ubao nao, hakuna mwenye anataka kuugusa.

Ninyi mungeufunika, ao mungetupa dadu muendelee kucheza?